Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi kuhusu kura ya posta

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Kwa heshima na taadhima, naandika kuhusu pendekezo la kuruhusu kura kwa njia ya posta, ambalo wengi hulijadili kana kwamba swali pekee ni iwapo kura zitaibwa njiani. Wizi upo: matokeo ya mwaka 2018 ya jimbo la 9 la North Carolina, Marekani, hayakuidhinishwa, na uchaguzi ukarudiwa mwaka uliofuata, baada ya kubainika kwamba watu waliolipwa walikusanya kura za posta majumbani na nyingine wakazijaza wenyewe. Lakini wizi wa aina hiyo huacha nyayo, na ndiyo maana uligunduliwa. Mimi nahofia zaidi kisichoacha nyayo.

Kituoni, mpigakura huingia kituturini peke yake, na mume, mwajiri au kiongozi wa dini aliyemwelekeza nani wa kumchagua hana namna ya kuhakikisha kwamba ametiiwa. Siri hiyo haikuachwa kwenye hiari yake. Analazimishwa kuwa peke yake, na kinga yake iko hapo hapo. Karatasi ikishafika nyumbani, siri inageuka kuwa jambo la kuomba, tena kwa yule yule anayeogopwa. Bahasha mbili, ya ndani isiyo na jina na ya nje yenye saini, humzuia karani asijue nani kampigia nani, ila hazimzuii aliyesimama nyuma ya kiti.

Hata hivyo, siombi posta ikataliwe. Ufaransa iliifuta kwa chaguzi za ndani mwaka 1975, ikabaki na utaratibu wa kumtuma mtu akupigie kura, ambao, kwa maoni yangu, una siri ndogo zaidi. Mgonjwa aliyelazwa na baharia aliye safarini nao ni wapigakura, na Ujerumani imewahudumia watu wa namna hiyo kwa posta tangu mwaka 1957.

Ninachoomba ni kimoja: aliyekwisha kutuma kura yake aruhusiwe kufika kituoni siku ya uchaguzi na kupiga upya, na bahasha yake iwekwe kando bila kufunguliwa. Uswidi inawapa waliopiga kura mapema haki hiyo. Aliyejaza karatasi chini ya macho ya mtu mwingine atapata njia ya kurudi kituturini bila kumshtaki yeyote.

Najua hili litachelewesha matokeo, kwa kuwa bahasha haziwezi kufunguliwa kabla vituo havijafungwa. Ucheleweshaji huo unavumilika kuliko yaliyoipata Austria mwaka 2016, ambapo Mahakama ya Katiba ilifuta duru ya pili ya uchaguzi wa rais kwa sababu kura za posta zilishughulikiwa kinyume cha taratibu, ingawa haikuthibitika kwamba kura zilichezewa. Kisha marudio nayo yakaahirishwa hadi Desemba kwa kuwa gundi ya bahasha ilikuwa ikiachia.

Naomba haki hii iandikwe ndani ya kanuni zenyewe, si katika mwongozo wa makarani, kabla zabuni ya kuchapisha bahasha haijatangazwa.

Wako mtiifu,
Mpigakura