Malalamiko kuhusu flashi ya programu ya hesabu isiyofunguka yenyewe na maelekezo ya hatari ya kitengo chenu cha ufundi

Mmiliki wa Duka la Steshenari,
Morogoro.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PROGRAMU YA HESABU ZA DUKA ILIYOUZWA NDANI YA FLASHI

Ninaandika kulalamikia programu yenu ya kutunza hesabu za duka niliyoinunua ikiwa ndani ya flashi, na zaidi ya hiyo programu, kulalamikia maelekezo niliyopewa na mafundi wenu baada ya flashi hiyo kushindwa kufanya kile kilichoandikwa juu ya kasha lake. Kasha linasema kwamba mteja akishachomeka flashi, programu itafunguka yenyewe. Kijitabu kilichomo ndani kinarudia ahadi hiyo na kuongeza kuwa hakuna utaalamu wowote unaohitajika. Kwenye kompyuta zote za dukani kwangu, ambazo zinatumia Windows 10, programu haifunguki. Ninachokiona ni nembo ya kampuni yenu kando ya jina la diski, basi.

Fundi wenu wa kwanza aliichukua nembo hiyo kuwa ushahidi kwamba kompyuta inalisoma faili la autorun.inf lililomo kwenye flashi, yaani faili la maagizo linaloiambia kompyuta ifanye nini diski inapochomekwa, na kwa hiyo kosa liko kwenye mipangilio yangu. Nusu ya hoja yake ni kweli. Nililifungua faili hilo kwa Notepad na kukuta mistari mitatu yenye maana: mmoja unataja nembo, mwingine unataja jina la diski, na wa tatu, unaoanza na neno open, unaiagiza kompyuta iendeshe programu. Tangu Windows 7 iliyotoka mwaka 2009, Windows inaikubali ile miwili ya kwanza inapotoka kwenye flashi na kuupuuza wa tatu. Microsoft walifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu kirusi cha Conficker kilichoibuka mwishoni mwa mwaka 2008 kilikuwa kikitumia faili la aina hiyohiyo kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia flashi. Na Februari 2011 wakapeleka sasisho lenye zuio hilo hata kwa Windows XP na Vista. Sidii na dividii ndizo zilizoachwa nje ya zuio. Kwa maneno mengine, kompyuta zangu ni nzima, na mlichoniahidi hakiwezekani kwa flashi ya kawaida kwenye mfumo ambao wateja wenu wengi wanautumia.

Nadhani naelewa ahadi hiyo ilitoka wapi. Kijitabu chenu bado kina mchoro wa trei ya sidii na maelekezo ya kuifunga trei taratibu, jambo ambalo linanionyesha kuwa programu hii iliwahi kuuzwa kwenye sidii, ambako maneno "itafunguka yenyewe" yalikuwa ya kweli. Mlipohamia kwenye flashi mlihamisha mafaili na maneno yake pamoja, bila mtu kujaribu kuichomeka kwenye kompyuta ya miaka hii. Hilo peke yake lisingenifanya niandike barua. Kubofya faili mara mbili si kazi kubwa, na ndivyo nilivyoisakinisha mwishowe.

Fundi wa pili, nilipomweleza haya, aliniuliza mbona modemu za intaneti za mitandao ya simu zilikuwa zikichomekwa tu na kufungua programu zake zenyewe. Zilikuwa zikifanya hivyo kwa sababu sehemu ya kumbukumbu ya modemu ilijitambulisha kwa kompyuta kama kiendeshi cha sidii, na Windows ikaitendea kama sidii. Flashi yenu haifanyi hivyo; kompyuta inaitambua kuwa diski ya kawaida ya kuchomoa. Nilitegemea kitengo cha ufundi cha kampuni inayouza flashi kiwe kinalijua hili kabla ya mteja wa steshenari.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya mazungumzo hayo nilitumiwa kwa barua pepe faili dogo la kubadilisha rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows, pamoja na maelekezo ya kufuata, na kijana wangu wa dukani akayafuata kama yalivyo, akiongozwa na fundi wenu kwa simu. Faili hilo liliifanya thamani ya NoDriveTypeAutoRun kuwa sifuri, yaani kuondoa makatazo yote ya programu kujifungua zenyewe yanayowekwa hapo kwa kila aina ya diski. Kwa flashi kwenye Windows 10 badiliko hilo halina msaada, kwa kuwa zuio nililolieleza haliondolewi na thamani hiyo, na kweli programu yenu iliendelea kutofunguka. Halafu maelekezo yakataka herufi za diski E na F ziingizwe kwenye orodha ya mahali ambapo antivairasi haitakagua, "ili isiizuie programu".

Naomba mwenye mamlaka asome tena sentensi hiyo akiwa anafikiria duka la steshenari. Flashi ya kila mteja anayekuja kwangu kuchapa kazi ya chuo, wasifu wa kuombea kazi au fomu ya mkopo wa elimu ya juu hupewa na kompyuta herufi E, na wakiwa wawili kwa pamoja, E na F. Kwa hiyo fundi wenu hakuiruhusu flashi yenu tu, bali aliondoa ukaguzi kwa flashi zote za Morogoro zinazopita kwenye kaunta yangu. Virusi vya kuficha mafolda na kuweka shotikati mahali pake, ambavyo kila mwenye steshenari anavijua, antivairasi ilikuwa ikivikamata pale pale mlangoni. Baada ya badiliko hilo ilinyamaza. Wateja wakaanza kurudi wakilalamika kuwa mafolda yao yamegeuka shotikati, na mmoja wao alikuwa anawahi kukabidhi tasnifu yake. Mafaili yalikuwa yamefichwa tu, tukayarudisha kwa attrib, amri ya Windows ya kufichua mafaili yaliyofichwa, tukazifuta zile herufi mbili kwenye orodha na kuzikagua upya kompyuta zote. Lakini jina la duka langu limechafuka kwa watu ambao sitawaona tena, na ninyi mliniambia kwa simu kwamba hilo "ni suala la mteja".

Si suala la mteja. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa, na maneno yaliyo juu ya kasha lenu yanapotosha. Nyaraka ninazozishughulikia zina namba za NIDA, anwani na vyeti vya watu, na nina wajibu wa kuzilinda chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; siwezi kuutimiza wajibu huo kwa kufuata maelekezo yenu.

Ninaomba mnirudishie bei ya programu pamoja na gharama za fundi niliyemlipa kusafisha kompyuta. Ninaomba pia faili lile la rejistri liondolewe kwenye matumizi ya kitengo chenu leo hii, na kila mteja aliyewahi kutumiwa aandikiwe jinsi ya kurudisha mipangilio yake, kwa kuanzia na ile orodha ya antivairasi kwa kuwa ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kasha na kijitabu virekebishwe viseme kwamba mteja afungue flashi na kubofya faili la usakinishaji, na faili hilo litiwe saini ya kidijitali ya kampuni ili Windows imwonyeshe mteja limetoka kwa nani. Programu yenyewe, kwa jinsi inavyopanga mauzo na madeni, ni nzuri, na ningependa kuendelea kuitumia endapo mtanipa toleo lisilodai kulegeza ulinzi wowote.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya barua pepe ya fundi wenu, faili alilolituma na picha ya kasha.

Wako mwaminifu,

Mmiliki wa Duka la Steshenari,
Morogoro.