Barua kwa wajukuu wanaoandika daftari la mapishi ya ukoo

Wajukuu zangu mlioko Mwanza, Dar es Salaam na kwingineko,

Hamjambo? Nimesikia mnakusanya mapishi ya nyumbani, yale ambayo mkiwasimulia wenzenu wanacheka. Vizuri. Ila nimesomewa kurasa za mwanzo, na nina neno. Mmeandika kioja cha chakula, mkaacha kwa nini kililiwa na kilivyotayarishwa.

Chukueni michembe. Mmeandika "viazi vikavu vya karanga", basi. Viazi vitamu havikai ghalani, na vikiachwa shambani kiangazi udongo unapasuka, fukusi wanaingia. Ndiyo maana sisi Wasukuma tunavimenya, tunavikata vipande na kuvianika juu ya majabali mpaka vikauke kabisa. Michembe ndiyo iliyotuvusha hadi mahindi mabichi. Matobolwa ni kitu kingine: viazi huchemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, kwa hiyo mtoto huyatafuna makavu njiani kwenda shule. Mgeni ukimpa michembe mikavu atafune, atakudai jino lake. Hiyo huchemshwa, ikishalainika unatia karanga zilizotwangwa, unapondaponda. Chumvi kidogo. Sukari mliyoongeza sijui mmeitoa wapi.

Tena miaka ya mwanzo ya 1980 sukari yenyewe ilikuwa ya foleni, na mkwaju ulikuwa pale pale uani. Ndipo ulipotoka ule uji wa ukwaju mnaouita wa ajabu. Ukishauzoea uji mchachu, sukari huikumbuki. Miaka hiyohiyo tulikula ugali wa yanga, mahindi ya njano kutoka nje. Wataalamu wa lishe huyasifu kwa kuwa ile rangi ina kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Andikeni hilo. Mimi lakini siutamani tena. Uliotufikia sisi ulikuwa umekaa mno maghalani, harufu yake ikishinda hata mchuzi wa dagaa.

Udaga, ule muhogo wetu wa kuvundika na kukausha, ndio ulionifanya niandike barua hii. Mmesema "loweka muhogo kidogo, anika, saga." Lifuteni hilo neno "kidogo". Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Kwetu humenywa, ukavundikwa siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu, kisha ukungu hukwanguliwa, muhogo ukavunjwavunjwa na kuanikwa. Ugali wake ndio ule wa kijivu, unaovutika, mnaoucheka. Mwaka 1985, wakati wa ukame, huko Tarime watu walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo. Njaa ilikuwa imewalazimisha kufupisha maandalizi ya muhogo mchungu, na kitoweo cha kuusaidia mwili kupambana na sumu kilikuwa adimu. Miguu ikishapooza hivyo haiponi. Msumbiji, huko Nampula, yaliwakuta hayohayo watu zaidi ya 1,000 mwaka 1981. Sasa mtoto wenu atakayelifungua daftari hilo huko Dar, atamwuliza nani "kidogo" ni siku ngapi? Asiyeweza kuufuata utaratibu wote anunue unga kwa mtu anayemwamini, au apike sembe yake.

Shangazi zenu hawatawapa vijiko wala gramu. Nendeni Kwimba mwezi wa sita, viazi vikichimbwa, mkamenye nao. Shangazi akichota karanga kwa kiganja, kingeni bakuli mpime kabla hazijaingia chunguni. Akisema "utaona tu ikiiva", kaeni mwone, msimkatize. Na ulizeni mwaka gani chakula fulani kilianza kupikwa nyumbani, na siku hizo nini kilikuwa kimekosekana.

Vingine vitakosa sababu. Babu yenu alikuwa akila kiporo cha ugali kwa maziwa mgando na asali, na hakumruhusu mtu kuonja. Mpaka leo sijui kwa nini, nalo liandikeni.

Bibi yenu