Salamu za Krismasi kutoka Vihiga: kwa wote ambao bado wanangoja

Bwana asifiwe, wapendwa. Kwa niaba ya familia yetu, na kwa niaba ya Marafiki (Waquaker) tunaoabudu nao huku Vihiga, magharibi mwa Kenya, nawasalimu nyote katika jina la Bwana wetu Yesu Kristo. Mungu wa neema awajalie Krismasi ya heri na amani, awalinde barabarani, na awafikishe mwaka wa 2026 mkiwa wazima, nyinyi na nyumba zenu.

Mwaka huu wa 2025 umekuwa mzito na sioni haja ya kuupamba. Nauli iliyokuwa ikimfikisha mtu kwetu Mbale kutoka Nairobi, wiki hii inamwacha njiani Nakuru. Bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia imefanya chapati zihesabiwe kwa vichwa. Wazazi wa watoto wanaoingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari, wale wa kwanza kabisa katika mtaala huu mpya wa umilisi, wana orodha ya mahitaji ya shule mezani na kuku uani, na hawajui kama wamchinje au wamuuze. Oktoba nchi nzima ilisimama kumzika Raila Odinga kule Bondo, na hata huku kwetu zipo nyumba ambazo matanga hayo hayajaisha moyoni. Tena kila kijiji kina makaburi yake mapya, ambayo hayakutangazwa redioni.

Kwa hiyo mwaka huu nimeshindwa kubanduka kwenye Luka sura ya 2, pale Yusufu na Mariamu wanapompeleka mtoto hekaluni. Sheria ilitaka mwanakondoo, na asiyeweza alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Wao walileta ndege. Mwokozi wa ulimwengu alitolewa hekaluni kwa sadaka ya watu wasio na uwezo. Mama ambaye hatachinja Alhamisi hii asione haya mbele ya mtu yeyote.

Na ni nani waliomtambua mtoto yule? Si makuhani. Ni Simeoni, aliyekuwa ameahidiwa kwamba hataonja mauti kabla ya kumwona Kristo wa Bwana, na Ana binti Fanueli, aliyeishi na mume miaka 7 tu na sasa alikuwa mjane wa miaka 84, asiyetoka hekaluni usiku na mchana. Watu wawili waliokuwa wamezeeka katika kungoja.

Hapa naomba mniruhusu kusema la kwangu. Mama yetu alituacha Julai. Waliomjua wanajua kwamba kila alfajiri, kabla ya kwenda kuchuma majani chai, aliomba jambo moja: kitindamimba wake aajiriwe. Kitindamimba huyo ni mimi. Tangu nihitimu ualimu nimekuwa mwalimu wa bodi, yaani wa kuajiriwa na bodi ya shule na kulipwa karo ikipatikana. Barua ya ajira ilikuja Septemba. Watu walinishika mkono wakasema, umeona, wakati wa Mungu ni bora. Nikaitikia amina, kwa maana kweli tuliomba na tukapewa. Lakini usiku ule nililia kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Simeoni alimpakata aliyemngojea. Mama hakuishika ile barua.

Nimelibeba jambo hili mbele za Mungu, na lililonishika ni Waebrania 11: wako waliokufa katika imani wasijapokea zile ahadi, wakaziona kwa mbali tu. Maandiko hayasemi walisahauliwa. Yanasema Mungu haoni haya kuitwa Mungu wao.

Na wale waliomjua mama zamani wanakumbuka alivyokuwa mkali. Ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani ulidumu miaka. Katika miaka ile ile ya kuniombea kazi, kidogo kidogo, alianza kumwombea na mtoto wa jirani yule, maana naye alikuwa nyumbani bila kazi. Mwishowe akamwita mamake kijana huyo chai. Jirani huyo ndiye aliyemwogesha mama yetu siku zake za mwisho. Sasa niambieni, wapendwa, Mungu alikuwa amenyamaza miaka hiyo yote? Sisi tulikuwa tunaangalia barua, yeye alikuwa anaufanyia kazi moyo wa mama.

Ndivyo alivyofanya kwa Yusufu mwana wa Yakobo. Tunamwona akiwa na miaka 17 akiwasimulia ndugu zake ndoto zake, na tunamwona tena akiwa na miaka 30 mbele ya Farao. Katikati kuna shimo, utumwa na gereza, na mnyweshaji aliyemsahau miaka miwili mizima. Lakini asubuhi moja mle gerezani aliwaangalia wafungwa wenzake akawauliza, mbona nyuso zenu leo zina huzuni? Kijana wa zile ndoto hakuwa mtu wa kuuliza hivyo. Huko ndiko kukua.

Basi ndugu yangu unayengoja mtoto, kazi, mwenzi, uponyaji au mwana arudi nyumbani, usimkimbilie nabii anayekutajia tarehe ya muujiza pamoja na nambari ya simu ya kutuma pesa anazoziita mbegu. Usiuze shamba la baba kwa ajili ya mkora anayedai ana nafasi ya kazi mfukoni. Ngoja kama Ana: hekaluni, katika kufunga na kuomba, ukiwahudumia walio karibu nawe. Soma Neno, samehe unayemjua wewe, rudi kwenye ushirika ulioacha kwa sababu ya aibu. Yesu mwenyewe alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza huduma. Sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa Nazareti, akiwatii wazazi wake, na Baba wa mbinguni hakuona imepotea. Na wewe uliyekwisha kupokea, usimtie mfiwa neno la haraka. Keti naye kwanza.

Wasafiri, tafadhali njooni mchana, na dereva akikimbiza gari semeni. Kesha la tarehe 31 lipo kama kawaida. Kina mama wameomba kila nyumba ije na sukari kidogo na kikombe chake. Wazee wetu, tunawaheshimu na kuwaombea. Wajane, yatima na wagonjwa, Bwana awe karibu nanyi msimu huu.

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye baraka tele. Mungu awabariki.