Kihispania tusikipitishe kwa Kiingereza

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni. Sisi tunaojifunza Kihispania tunakosea yaleyale kila siku, na mi naona shida sio Kihispania, shida ni kwamba kila sentensi tunaipitisha kwanza kwa Kiingereza alafu ndo tunaipeleka kule, wakati Kiswahili kingetufikisha mapema.

Chukua njaa tu. Mtu anaandika "soy hambre", yaani "mimi ni njaa"! Jamani, si tunasema nina njaa? Na wao wanasema hivyohivyo, tengo hambre. Nina kiu, tengo sed. Nina miaka 30, tengo 30 años. Unazunguka kwenda wapi?

Kingine ile "a" ya kabla ya mtu. Naona nyumba ni veo la casa, ila namwona Maria ni veo a María, na hiyo "a" watu wanaisahau kila siku. Mi ilinikaa siku niliyokumbuka kwamba hata kwetu "nimeona Maria" inasikika kama imekatika, mpaka umweke "m", nimemwona. Nyumba haidai hayo, nimeona nyumba imeisha hiyo.

Alafu gustar. Watu wamekariri ni kupenda, wanasema "yo gusto los libros". Sio kupenda bwana, ni kupendeza! Vitabu vinanipendeza, me gustan los libros, mwenye kitenzi ni vitabu ndo maana kiko kwenye wingi.

Jinsia za majina nazo, ya kiume inayochukua "el" na ya kike inayochukua "la", mtu aliyekulia kwenye ngeli anaogopaje vitu viwili? Tunachokosea ni kuangalia herufi ya mwisho tu, unasikia "la problema" na "el mano", kumbe ni el problema (tatizo), la mano (mkono). Sasa kiboko kwetu kinakuja au anakuja?

Kwa ser na estar, vile vitenzi vyao viwili vya "kuwa", sitadanganya, hapo Kiswahili kinasaidia nusu. Madrid iko Hispania, hiyo "iko" ndo está ya estar, safi. Ila siku moja darasani nilitaka kusema nimeboeka nikasema "soy aburrido", watu wakacheka mpaka basi maana nilikua nimejitangaza kwamba mi ni mtu wa kuboa, ilitakiwa estoy ya estar, sio soy ya ser. Na ukishajiaminisha kwamba mahali ni estar, sherehe inakuja kukuumbua, sherehe iko kwangu ni la fiesta es en mi casa, kwa sababu tukio linachukua ser.

Basi mhariri, waandishi wako wa mambo ya lugha watutolee somo la Kihispania kwa Kiswahili moja kwa moja, na waanze na subjuntivo, lile umbo la kitenzi linalokuja baada ya maneno kama "nataka", hiyo imenitesa kweli, kila siku nasahihishwa "quiero que vienes" naambiwa ni quiero que vengas, nataka uje... ngoja kwanza. Kumbe hata hiyo tunayo, hakuna anayesema nataka unakuja.

Msomaji wako wa kila siku