Kabla ya kuwaita mashujaa, watazame

Mwanangu Rehema,

Salamu sana. Sisi hapa hatujambo, mama yako kikohozi kimemwachia, na mvua zimeanza. Picha uliyonitumia, ile ya askari wakishuka botini kuingia baharini, nimeitazama sana. Unasema mwalimu wa Historia ametaka kila mmoja achague picha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kuieleza, nawe chini yake umeandika neno moja tu: "Mashujaa". Sina ugomvi na neno hilo, mama, ila umeliandika mapema mno.

Itazame tena. Ni asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944, siku Wamarekani, Waingereza na wenzao walipovamia Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Ni pwani ya Normandy, kaskazini mwa nchi hiyo, katika ufukwe ambao Wamarekani waliupa jina la siri Omaha. Aliyeipiga ni Robert Sargent, mpigapicha wa Walinzi wa Pwani wa Marekani. Yeye yumo ndani ya boti. Mlango wa mbele umeangushwa, askari wameshatoka, na ndiyo maana unaona migongo. Bunduki wamezifunga plastiki zisiingie chumvi na mchanga. Maji yamewafika kiunoni na kila mmoja ana mzigo wake; aliyekanyaga penye kina aliweza kuzama kwa uzito huo kabla risasi haijamfikia. Boti zile zilikuwa za mbao, mlango ndio uliokuwa wa chuma, kwa hiyo ulipoanguka, kinga yao ilianguka nao. Ule weusi wa mbele ni vilima, na Wajerumani walikuwa huko juu na bunduki zao za rashasha. Sargent alibaki botini. Simlaumu, kazi yake ilikuwa hapo. Lakini ukiijua sehemu aliposimama mwenye kamera, unajua kwa nini hatuzioni nyuso zao.

Mwenzake Robert Capa, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akilipigia picha jarida la Life la Marekani, alishuka majini pamoja nao, kisha akawageuzia kamera. Ndiyo maana kwake unakutana na sura: askari amelala kifudifudi kwenye mawimbi, kichwa kimechomoza, picha yenyewe imetikisika. Mimi naipenda kwa kutikisika kwake, maana haikunificha kitu. Zilizosalia ni kama kumi tu. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba nyingine ziliharibikia London kwenye chumba cha kusafishia picha, joto lilipozidi. Siku hizi wapo watafiti wanaoipinga simulizi hiyo, na wana hoja, basi usiiandike kama jambo lililothibitika. Capa mwenyewe alikufa mwaka 1954 huko Vietnam, alipokanyaga bomu la ardhini akiwa kazini, kamera mkononi.

Kuna nyingine nataka uitafute. Ilipigwa jioni ya tarehe 5 Juni, uwanja wa ndege wa Greenham Common, Uingereza. Jenerali Eisenhower, mkuu wa majeshi yote ya uvamizi ule, amesimama katikati ya askari wa miavuli waliojipaka masizi usoni. Mbele yake yupo luteni kijana mwenye kibao chenye namba 23 shingoni, ndiyo namba ya ndege yake. Ukiiona unadhani jenerali anatoa amri ya mwisho. Yule luteni aliishi hadi uzeeni, akaeleza kwamba walizungumzia uvuvi wa samaki kwao Michigan. Siku ile ndiyo aliyotimiza miaka 22. Rehema, mimi ni mzazi, na hapo ndipo nilipoiweka simu chini. Siku iliyofuata walivuka wanajeshi wapatao 156,000, kwa bahari na kwa anga, na wa Mataifa Washirika, yaani upande uliopigana na Ujerumani, waliokufa siku hiyo moja ni zaidi ya 4,400. Wengi walikuwa rika lake.

Sasa jiulize nani hayumo pichani. Ufukweni Omaha walikuwepo pia Wamarekani weusi wa kikosi cha 320, waliopandisha maputo makubwa yenye nyaya ili ndege za adui zisishuke chini kuwashambulia wenzao. Jeshi la Marekani wakati huo liliwatenga weusi na weupe, na katika picha zinazorudiwa kila mwaka weusi hawaonekani. Mmoja wao, Waverly Woodson, alikuwa mhudumu wa tiba. Alijeruhiwa hata kabla ya kukanyaga nchi kavu, akaendelea kuwahudumia majeruhi kwa saa 30. Nishani kubwa ya pili kwa ushujaa katika jeshi lile alipewa mwaka 2024, na yeye alifariki mwaka 2005. Neno lako "Mashujaa" kwake lilichelewa hivyo.

Na wala usidhani uvamizi wa baharini ni habari ya Ulaya pekee. Miaka miwili kabla ya Normandy, Mei 1942, Waingereza walishusha majeshi Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, iliyokuwa chini ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Septemba mwaka ule askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) wa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki waliteremkia Majunga, wakasonga bara hadi Antananarivo. Hao walikuwa vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo), na Kiswahili kilikuwa lugha yao ya jeshini. Picha zao zipo kwenye hifadhi za Waingereza. Tafuta moja uiweke karibu na hiyo ya Sargent, na chini yake andika walitoka wapi, walishuka wapi, na mpigapicha alisimama wapi. Mwalimu akisema maneno yamezidi nafasi, mwambie nipo tayari kuja kuzungumza naye.

Nauli ya kurudi likizo nitatuma Ijumaa. Bibi anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako.