Usinyamaze, mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Sisi hatujambo. Mgongo wa baba yako umetulia, mdogo wako yumo kwenye mitihani na hataki kusemeshwa. Nimeshika kalamu kwa sababu dada yako ameniambia umeifuta akaunti yako ya LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi na ajira, na kwamba alipokuuliza ulimjibu, "Mimi bado sijawa mtu wa kuandika pale." Akaunti si kitu, inafunguliwa tena jioni moja. Hayo maneno ndiyo yaliyoninyima usingizi. Mtu anayengoja awe bingwa ndipo afungue mdomo, hungoja mpaka wenzake wamestaafu.

Wewe unajua kazi niliyofanya miaka yote hii, ya kuwasaili waombaji wa kazi, kwa hiyo sitakueleza usaili ni nini. Nitakwambia tu kitu ambacho waliokaa upande wangu wa meza hawakisemi hadharani: mwombaji mgeni kwenye fani hatumtarajii ajue kila kitu. Tunatafuta dalili kwamba anafikiri. Na dalili hiyo haionekani kwenye cheti, kwa kuwa vyeti vya darasa zima vinafanana.

Majuzi kwenye simu ulinieleza kwa nini maabara yenu hukataa baadhi ya sampuli za damu. Ukasema damu ikivutwa kwa nguvu kupita sindano nyembamba, au kichupa kikitikiswa ovyo, chembe nyekundu hupasuka, potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika kwenye majimaji, na mashine inasoma potasiamu ya juu ambayo mwilini mwa mgonjwa haipo. Ukaongeza kwamba mtu akimimina damu kutoka kichupa chenye kifuniko cha zambarau kwenda kingine, potasiamu hupanda na kalsiamu hushuka, kwa sababu ya EDTA iliyowekwa mle kuzuia damu isigande. Mimi sijasoma sayansi tangu shuleni, na nilikuelewa neno kwa neno. Nikajikuta namsimulia baba yako mezani.

Basi hilo, kama ulivyolisema, ndilo andiko lako la kwanza. Mistari kumi inatosha. Kuna wauguzi wapya wengi waliofundishwa wasitikise kichupa na hawakuambiwa sababu. Mabingwa wa fani yako hawataandika hayo, maana wamekwisha sahau kwamba kuna wakati hawakuyajua. Wewe umeyajua juzi, bado unakumbuka palipokutatiza. Hiyo ndiyo mali ya anayeanza, na wewe unaionea haya! Baba yako anasema haya hiyo umeitoa kwangu, kwamba katika nyumba hii jibu nusunusu halikupokewa. Sitabishana naye leo.

Unadhani kila mtu pale anaandika isipokuwa wewe. Sivyo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 katika 100 husoma tu bila kusema neno, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote. Ni makadirio, wala usiyashike kama vipimo vya maabara yako, lakini yanalingana na ninayoyaona. Ukiandika jambo moja la maana kila wiki au kila wiki mbili umekwisha toka kwenye ule umati uliokaa kimya.

Na kama kuposti bado kunakutia hofu, anzia kwenye maoni chini ya maandiko ya wengine. Usimfuate kila mwenye jina kubwa, ambaye maoni yako yatazama chini ya mengine mia tano. Tafuta waliokutangulia hatua mbili tatu: msimamizi wa maabara, mtu wa udhibiti wa ubora, yule aliyemaliza miaka mitano kabla yako. Soma alichoandika mpaka mwisho, kisha uliza swali ambalo halingeulizwa na mtu asiyekisoma. "Hongera sana" na "somo zuri" ni adabu, lakini hazimwachii mtu chochote cha kukukumbuka nacho.

Nikuonyeshe ninachomaanisha. Kwenye inboksi yangu hujaa ujumbe wa namna hii: "Shikamoo mama, naomba kazi yoyote, CV nimeambatisha." Nawahurumia kwa moyo wote, na siwezi kuwasaidia. "Kazi yoyote" sijui niipeleke wapi. Siku moja kijana mmoja akaniandikia hivi: "Shikamoo. Umesema barua nyingi za maombi hazielezi mtu alifanya nini hasa. Mimi nilikuwa natunza ghala la dawa. Je, niandike idadi ya dawa nilizosimamia, au niandike namna nilivyopunguza zilizokuwa zinaisha muda zikiwa rafuni?" Nilimjibu palepale, niandike nini zaidi ya kumwambia achague la pili! Nafasi ya kumpa sikuwa nayo. Lakini miezi ilipopita mwenzangu akaniuliza kama namjua mtu makini wa ghala, jina lililonijia mdomoni lilikuwa lake, na sura yake sijawahi kuiona.

Hili wataalamu wamelichunguza, si hisia zangu. Mwaka 1973 Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alionyesha kwamba waliopata kazi kupitia mtu, wengi wao waliipata kwa mtu wanayeonana naye kwa nadra au mara mojamoja, wala si kwa rafiki wa kila siku. Sababu yake ni nyepesi: rafiki yako wa karibu anasikia yaleyale unayoyasikia wewe. Mwaka 2022 jarida la Science likachapisha utafiti uliofanywa ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watu zaidi ya milioni 20 katika muda wa miaka 5, nao ukaona vivyo hivyo kwa kiasi: wanaofaa zaidi ni wale wa katikati, wasio wageni kabisa wala wasio watu wa ndani. Ukaona pia kwamba katika kazi zisizotegemea sana teknolojia ya kidijitali, watu wa karibu ndio waliosaidia zaidi. Kwa hiyo usije ukawasahau walimu wako na uliofanya nao mafunzo kwa vitendo. Waunganishe kwanza hao, kila mmoja kwa ujumbe wake mfupi unaomkumbusha mlipokutana. Ujumbe mmoja uliotumwa kwa watu arobaini, kila anayeupokea anaujua. Dada yako amenionyesha ule wako. Mwanangu, hata jina la mtu hukuliweka.

Wasifu wako ulikuwa umeandikwa "Natafuta ajira" juu kabisa, chini ya jina. Pale una nafasi ya herufi 220, nawe ulizitumia kusema unachokosa. Andika wewe ni nani: mtaalamu wa maabara ya afya, kemia ya kliniki na damu, unafuatilia ubora wa sampuli kabla ya kipimo. Anayetafuta mtu wa namna hiyo huandika maneno hayo kwenye kisanduku cha kutafutia, na mtandao humletea wenye maneno hayo. Hali ya kutafuta kazi ina mahali pake kwenye mipangilio, unaweza hata kuchagua waione waajiri tu. Picha iwe ya uso wako, mwanga wa dirishani unatosha. Hayo ni kazi ya saa moja, usiyageuze kuwa kisingizio cha kuchelewesha kuandika.

Sasa yale ya hatari, na hapa nisikilize kama mama. Habari ya mgonjwa haitoki maabara, hata ukificha jina. Mtu mwenye ugonjwa wa nadra hutambuliwa na ndugu zake kwa tarehe na umri tu. Usipige picha benchi lenye vichupa vyenye lebo, wala skrini ya mashine, wala kitambulisho chako cha kazi kikining'inia shingoni. Andika kanuni na sababu, kama ulivyonieleza mimi. Kisa cha mtu kiache. Na kabla hujamtaja mwajiri wako mahali popote, uliza wanaruhusu nini.

Hatari ya pili ni matapeli. Atakuja mtu akujulishe kwamba umechaguliwa kwa kazi ambayo hukuomba, atakuharakisha muhamie WhatsApp au Telegram, kisha itatajwa "ada ya usajili" au "gharama za vipimo," au ataomba nakala ya kitambulisho na akaunti ya benki kabla hata ya usaili. Mwajiri wa kweli hamtozi mtu pesa ili ampe kazi. Tafuta tovuti ya taasisi mwenyewe, usifuate linki aliyokutumia, upige simu iliyoandikwa pale. Ukiona haya kuuliza, niulize mimi.

Najua kilichokuvunja moyo ni matangazo ya wenzako: huyu kaanza kazi, yule kapata ufadhili. Watu hutangaza walichopata, maombi yaliyokataliwa hawayaposti. Mimi nimezisaini barua za kukataa za baadhi ya watu ambao leo mnawaona wanang'ara, na sitakutajia jina. Ukiingia mtandaoni uingie na kazi: nitaandika hili, nitamjibu fulani, nitamsoma yule. Ukimaliza, toka. Laiki tatu kutoka kwa watu wa fani yako, mmoja wao msimamizi wa maabara, ni kubwa kuliko laiki mia za binamu zako. Sisemi binamu zako wasikupende.

Narudia, baba, kwa kuwa nakufahamu utaisoma barua hii, utasema "sawa mama," na utanyamaza: fungua akaunti tena, uandike lile la damu. Ukikosea kitu, mtu atakusahihisha, nawe utasema asante na kurekebisha, na wote waliosoma watakuwa wameona namna unavyopokea kusahihishwa. Hilo nalo sisi wa upande wa pili wa meza tunalitazama sana. Kama unaona ni zito, nitumie mimi kwanza. Sitakusahihisha hata nukta, nitaisoma tu na kukwambia nimeelewa au sijaelewa.

Vyeti vyako halisi nimevitia kwenye bahasha ya plastiki, vimo kabatini juu, mbali na dirisha lile linaloingiza maji. Usiviweke mtandaoni vyenye namba na saini zake; kutaja ulichosoma na mwaka kunatosha, atakayetaka kuviona ataviomba. Fundi wa bomba la jikoni ameahidi tena kuja Jumamosi. Mdogo wako anataka kuhamia kwenye meza yako ya kusomea mpaka mitihani iishe, nimemwambia akuombe mwenyewe, kwa hiyo akikupigia usimkatalie. Na ufunguo wa kabati la zana uliondoka nao, baba yako ameutafuta nyumba nzima. Mpe yeyote anayekuja huku.

Mama yako