Roki ya Zanzibar si ya mtu mmoja

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila ya kukuandikia hata mstari. Leo imenibidi. Ile makala yenu ya karibuni kuhusu nyumba ya Shangani niliifurahia mpaka pale mwandishi aliposema kwamba familia ya Bulsara, ndiko alikotoka Farrokh, yaani Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, ilipohama mwaka 1964, roki nayo ilihama, visiwa vikabaki na taarabu peke yake. Nani kamwambia? Hapa mjini, mtaa wa Ng'ambo, bado wapo wazee waliopiga magitaa ya umeme, na sijasikia hata mmoja aliyepigiwa hodi na mwandishi huyo.

Mie nilipiga besi. Mchana nikifanya kazi bandarini, usiku tunakutana chumba cha uani Mwembetanga, vijana wa mitaa ya jirani, hakuna aliyelipwa. Amplifaya yetu ilikuwa redio ya valvu iliyofunguliwa mgongo ikatiwa kwenye sanduku la mbao. Nyuzi za besi hazikuwa zikipatikana Darajani wala kwengineko, kwa hiyo zikishakufa sauti kwa jasho la vidole tulizivua, tukazichemsha kwenye sufuria kwa maji na sabuni ya unga, tukazifuta, tukazianika, tukazirudisha. Zinalia tena kwa muda, kisha zinarudi sufuriani. Nyimbo tulizikamata redioni. Spika ndogo haitoi besi, basi nilikuwa naweka sikio kwenye kabati ilipokaa redio, maana mbao hutetema hata pale spika inaposhindwa, nikaufuata mlio mmoja mmoja mpaka nikaupata. Kukiadhiniwa tunazima vyombo, watu wakishaswali tunaendelea. Tulipiga harusini, tulipiga skuli, tulipiga bugi za Jumapili, na watu walicheza.

Tuliowapenda hawakuwa wale wanaopamba mabango. Wangu mie alikuwa John Deacon, mpiga besi wa Queen, mtu wa Leicester, aliyesimama nyuma karibu na drams, uimbaji akiwaachia wenzake. Huyo ndiye aliyetunga "Another One Bites the Dust" ya mwaka 1980, ambayo besi yake ndiyo wimbo wenyewe. "I Want to Break Free" pia ni yake. Alipostaafu mwaka 1997 alikwenda kukaa na familia yake, hadi leo hataki makamera. Mpiga solo wetu alikuwa na wazimu na Rory Gallagher wa Ireland, ambaye gitaa lake lilichubuka rangi karibu lote kwa kupigwa. Amekufa 1995, na hapa kwetu ukilitaja jina lake watu wanakutazama tu.

Tena tusiende mbali. Binamu yangu aliyefanya kazi reli ya TAZARA alituletea kanda kutoka Zambia: bendi ya WITCH, mwimbaji wake Emmanuel Chanda akiitwa Jagari, na Paul Ngozi na gitaa lake linalonguruma. Waafrika wenzetu, wanapiga roki yao, nyengine kwa lugha za kwao. Bei ya shaba ikaanguka, pesa zikakauka, kisha UKIMWI ukawachukua wengi wa WITCH, na Jagari akaenda kuchimba vito. Dar es Salaam walikuwapo Sunburst na santuri yao ya Ave Africa ya mwaka 1976. Mpaka mwaka 2016 ilipotolewa upya Ulaya ndipo wajukuu zetu wakaanza kutuuliza kama tunawajua! Tunawajua tangu zamani, nyinyi ndio hamkutuuliza.

Sasa nikupe kisa, maana hiki ndicho kilichonishikisha kalamu. Nilikuwa nimekaa barazani Shangani nikimsubiri mjukuu wangu. Akapita mtembeza wageni na kundi la Wataliani, anawaambia kwa Kiingereza safi kabisa kwamba Freddie aliitunga "Another One Bites the Dust" akizikumbuka ngoma za Zanzibar. Nikainuka. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ili nisimuaibishe mbele ya wageni wake: "Mwanangu, wimbo ule ni wa John Deacon." Akanijibu, "Babu, usiniharibie kazi." Nikamwambia besi ile nimeipiga kwa vidole hivi. Akacheka, akawageukia wageni wake akawaambia mzee huyu anaomba chochote. Mwanamke mmoja wa watu, wala simlaumu, akafungua mkoba akaninyooshea noti ya dola moja. Mhariri, mtaa ule wananijua tangu nikiwa na kaptura! Muuza kahawa alikuwapo, anaona. Nimefanya kazi maisha yangu yote, sijamnyooshea mtu mkono, leo nageuzwa muombaji kwa sababu nimesema la kweli kuhusu muziki nilioupiga mwenyewe. Na kijana yule hajui kwamba hata Freddie alianza upande wetu. Skuli ya bweni kule Panchgani, India, alikuwa na bendi ya wanafunzi iitwayo The Hectics. Mwimbaji mkuu alikuwa Bruce Murray, na Farrokh Bulsara alikaa kwenye piano. Mpiga drams wao, Victory Rana, baadaye alikuwa jenerali wa jeshi la Nepal. Haya ni mambo ya kuwasimulia wageni, na ni ya kweli, lakini nani kayasoma?

Na la harusi nalo niliseme, kwani ni ndugu wa hilo hilo. Siku hizi anakuja kijana mmoja na kinanda na flashi. Besi imo kwenye flashi, dumbaki imo, fidla imo. Akhwani Safaa, chama cha taarabu cha tangu 1905, kilijaza jukwaa kwa watu: udi, kanuni, fidla, akodioni, besi kubwa ya kusimama. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinafundisha vijana tangu 2002, na wanatoka wakiwa hodari, kisha wanaishia hotelini kuwapigia wageni nyimbo za kuwakaribisha. Mwenye harusi analipia mapambo na mapishi bila ya kuuliza bei, akifika kwa wapiga vyombo anasema flashi inatosha.

Ninachotaka ni hiki. Gazeti lako likitoa picha ya bendi, liandike majina yote kutoka kushoto kwenda kulia, na chombo cha kila mmoja, pamoja na aliyebeba spika. Mwandishi wako aje Ijumaa baada ya Alasiri akae na wazee, na swali lake la kwanza liwe nani alipiga besi. Na Kamisheni ya Utalii, kabla ya kumpa mtu leseni ya kutembeza wageni, imuulize nani alitunga "Another One Bites the Dust". Asiyejua arudi mwakani.

Picha za bendi yetu ninazo, majina yote yameandikwa nyuma kwa kalamu ya wino. Mwandishi akija nitampa azinakili, ila azirudishe siku hiyo hiyo.

Mpiga besi wa zamani,
Kikwajuni, Unguja